Karatasi Tatu za Pampu

Gasketi ya pampu ya petroli hukatwa kwa nyundo, si kwa mkasi. Unachukua boksi la majani ya chai, unalifungua, unalilaza juu ya mdomo wa pampu, kisha unagongagonga pembezoni kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, taratibu, mpaka ukingo wa chuma wenyewe uikate karatasi. Ukimaliza unapata kitu chenye umbo lile lile la mdomo wa pampu, na matundu mawili ya bolti mahali pake. Mzee mmoja, fundi wa magari pale Arua, ndiye aliyenifundisha hivyo. Alinifundisha na jambo la pili siku ile ile, na hilo sikulishika.

Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo na sikuwa na kazi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu nirudi nyumbani kutoka Kampala. Niliweza kukokotoa kwa kalamu mwendo wa mafuta ndani ya bomba, lakini sikuwahi kufungua pampu ya gari linalotembea. Chuoni tulikuwa na injini moja iliyopasuliwa katikati ili tuone matumbo yake. Ilipakwa rangi nyekundu na buluu, na ilikuwa marufuku kuigusa.

Tena mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nikisalimiwa kwa sauti ndogo, siku nzima najiuliza nimekosa nini. Barua ya kuomba kazi naisoma mpaka maneno yake yanageuka kama ya lugha nisiyoijua, naibadilisha, nairudisha ilivyokuwa, na siku ya mwisho inanipita karatasi ikiwa bado mkononi. Wapo wanaoniambia kwamba huo ni uangalifu. Si uangalifu. Mtu mwangalifu huuliza.

Baba alikuwa na pikapu ya zamani, iliyonizidi umri. Aliitumia kubeba muhogo kutoka Ayivu mpaka sokoni, na sisi Waislamu wa mjini tukifiwa, yeye ndiye aliyebeba masufuria na mikeka ya matanga. Alipenda kuwaambia wageni kwamba gari lile ndilo lililonisomesha. Alisema kwa furaha, mkono wake mmoja begani kwangu, nami kila mara nilihisi kwamba mimi na gari ni watoto wawili wa baba mmoja, na kwamba mmoja alilishwa jasho la mwenzake.

Siku moja pampu ya petroli ikaanza kuvuja. Pampu za magari ya aina ile hazitumii umeme. Ni kitu cha chuma, ukubwa wa ngumi, kimefungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili. Ndani ya injini kuna nundu ya chuma inayozunguka. Kila inapopita inausukuma mkono wa pampu, mkono unavuta kiwambo cha mpira, na kiwambo kinanyonya petroli kutoka kwenye tangi na kuipeleka kwenye kabureta. Mkono ukisukumwa vizuri, gari linakula na kushiba. Ukisukumwa kidogo, linakula kidogo. Petroli ikianza kudondoka kwenye kitundu kilicho chini ya pampu, ujue kiwambo kimechanika. Hilo nililijua bila kuuliza mtu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nilisikia sauti yangu ikitoka imara.

"Baba, hii nitatengeneza mwenyewe."

Akanitazama, akacheka kidogo, akamwambia mama aliyekuwa akichambua maharage kibarazani, "Umesikia? Leo gari yangu imepata injinia."

Kiwambo kipya kilitoka upande wa Kongo, kikapitia mpakani Vurra, kikanifikia kimefungwa kwenye gazeti pamoja na springi na valvu mbili ndogo. Gasketi, ile karatasi inayokaa kati ya pampu na injini kuzuia oili isitoke, haikuwemo. Ndiyo sababu nilienda kwa yule mzee fundi, ambaye alijifunza kazi kwa baba yake, dereva wa jeshi wa zamani, na ambaye hakuwahi kuingia darasa lolote. Aliniachia meza yake, akakaa juu ya tairi, akaniangalia nikifanya kazi kama mtu anayemwangalia mtoto akijaribu kuvaa viatu.

"Ngoja," alisema nilipotaka kufungua skurubu za kifuniko. "Chora kwanza."

"Nichore nini, mzee?"

"Mstari. Toka juu mpaka chini. Ukifungua bila alama, utafunga kichwa iko naangalia nyuma. Hiyo shule yako hawakufundisha nyinyi kuchora?"

Nikakwaruza mstari kwa ncha ya bisibisi. Akanionyesha jinsi ya kukaza skurubu huku mkono wa pampu umebanwa nusu, ili mpira usije ukavutika na kuchanika mapema. Kisha akaitwaa pampu, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya ule mkono, pale panapogusana na nundu. Akakirudisha kidole mara mbili.

"Hii imechoka," alisema. "Imelika. Lakini itafanya kazi."

Ndipo akafungua boksi la majani ya chai, akagonga gasketi, akanipa.

"Moja," alisema. "Si mbili. Ukiweka mbili, huyu mkono iko nagusa na kidole tu. Ukiweka tatu, iko nasalimia kwa mbali."

Wenzake wawili waliokuwa chini ya lori wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kwa aibu. Nilidhani walinicheka mimi.

Nikaenda kuifunga pampu nyumbani. Kabla ya kuifunga ilinipasa kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwenye ubavu wa injini mpaka chuma king'ae. Nilikwangua, lakini mahali pale ni pa kujipinda, mkono unaingia shingo ikiwa imekunjwa, na chini kabisa kulibaki kipande kigumu kama gome. Nikajiambia hakina madhara. Gari likawaka vizuri. Petroli haikuvuja tena. Lakini kesho yake asubuhi, chini ya gari, palikuwa na doa la oili ya injini ukubwa wa sahani, pale pale mama anapotandika mkeka wake wa wageni.

Mama alisogeza mkeka tu. Mimi nilikaa nikilitazama doa lile na kichwa changu kikaanza kazi yake. Nikirudi kwa mzee fundi, atasema hukukwangua. Wale wawili watatoka chini ya lori kunitazama. Habari itafika msikitini kabla ya magharibi, kwamba kijana mwenye shahada ameshindwa na bolti mbili. Basi nikachukua karatasi. Nyuma ya barua ya kuomba kazi ambayo sikuipeleka, niliandika unene wa boksi la chai, nikazidisha, nikaandika umbali unaosafiri mkono wa pampu, nikatoa. Hesabu ilinionyesha kwamba karatasi mbili zaidi si kitu. Ilikuwa hesabu safi, yenye mistari miwili chini ya jibu. Ila ilikuwa hesabu ya mkono mpya. Ule uliolika kwa miaka thelathini, ambao mzee aliupima kwa kidole gumba mbele ya macho yangu, haukuwemo.

Nikagonga gasketi mbili nyingine, nikazibandika kwa gundi juu ya ile ya kwanza, nikafunga. Oili haikutoka tena. Hata tone.

Juma lile baba alikuwa mtu mwenye furaha. Alizunguka mjini polepole kama kawaida yake, akasimama kwa kila anayemfahamu, akafungua boneti. "Tazama," aliwaambia. "Kavu. Hii gari sasa iko na digrii." Mtu mmoja akamjibu kwamba basi nayo itakaa nyumbani bila kazi, na baba akacheka kuliko wote. Aliponisimulia, akacheka tena.

Jumatano tulikuwa tunatoka Ayivu na muhogo. Kwenye mwinuko gari likakohoa, likapoteza nguvu, likakohoa tena, kisha tukafika juu na likatulia. Baba akanigeukia.

"Hiyo nini?"

Nilijua. Siyo kwamba nilidhani. Injini ilikuwa na njaa, na aliyeisogeza mbali na sahani ni mimi.

"Petroli chafu," nilisema. "Pale tuliponunua jana."

"Ah," alisema. "Watu wa siku hizi."

Ijumaa alfajiri simu ikalia kutoka Koboko. Alikuwa baba mdogo, ndugu pekee wa kiume aliyembakia baba. Nyanya yetu, tuliyemwita habuba kama wanavyoitwa nyanya katika nyumba zetu, alikuwa ameamka kutawadha, akakaa kitandani kupumzika, na hakuinuka tena. Angezikwa baada ya swala ya Ijumaa.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Babu alifia ukimbizini, upande wa Sudani, katika miaka ile watu wetu walipotawanyika kwa vita. Baba alikuwa upande wa Kongo na habari ilimfikia mwezi mzima ukiwa umepita. Hakuwahi kuliona kaburi. Kwa hiyo kila Idi tulipokwenda Koboko, habuba, ambaye alipenda mzaha unaouma, alimshika baba mkono kabla hatujaondoka na kumuuliza mbele ya watu wote, "Mimi nani ataweka?" Na baba alijibu, "Mimi." Ndipo alipomwachia mkono. Aliyeyasikia hayo akiwa mtoto, kama mimi, hakuona ajabu. Lakini kila mtu katika ukoo alijua kwamba siku hiyo ikifika, baba ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea mama yake.

Mama na shangazi zangu waliondoka mapema kwa taksi. Baba alibaki kwa ajili ya masufuria makubwa ya kina mama wa msikiti, kwa kuwa mwenye ufunguo wa stoo alichelewa. Kabla ya kupanda, mama alirudi hatua mbili.

"Panda na sisi," alimwambia. "Masufuria italetwa."

"Mimi niende kuzika mama yangu kama abiria?"

"Njia ni ndefu, na gari imezeeka."

"Gari iko na injinia ndani," alisema baba, na alisema bila mzaha. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya Idi. Mama akanitazama. Nadhani aliona kitu, kwa sababu alikawia kuniondolea macho. Nikainama kufunga kamba ya masufuria.

Ilikuwa inakaribia saa tano tulipoondoka. Kwa mwendo wa kawaida, saa moja na ushei ingetufikisha. Tulivuka mto Enyau, tukauacha mji, na baba kwa mara ya kwanza tangu nifunge zile karatasi akakanyaga mafuta kama mtu anayekwenda mahali. Kwenye mwinuko wa kwanza mrefu gari likakohoa. Likakohoa tena, likatetemeka, masufuria nyuma yakagongana, likazima.

Baba akalielekeza pembeni. "Nini?"

"Chujio, labda. Dakika kumi, Baba."

Nikafungua chujio, nikalipuliza, nikapata ladha ya petroli mdomoni. Wakati huo wote springi ya pampu ilikuwa inaisukumia kabureta petroli kidogo iliyobaki. Tulipowasha, gari likawaka mara moja, likaenda kwa nguvu, na baba akanipiga kofi gotini kwa furaha. Tulisafiri kilomita mbili, labda tatu. Mwinuko uliofuata ukatukamata.

Mara ya pili nikasema ni kifuniko cha tangi, kwamba hewa haiingii. Nikakilegeza. Dakika kumi. Tukaenda, tukafa. Mara ya tatu nikasema ni joto, petroli inachemka ndani ya bomba. Nikalowesha kitambaa kwa maji yetu ya kunywa, nikakizungusha kwenye pampu. Vidole vyangu vikapita juu ya ukingo wa zile karatasi tatu. Zilikuwa zimechomoza kidogo, kavu kabisa, zimekaa vizuri. Nikaondoa mkono kama aliyeguswa na moto.

Najua msomaji anauliza kwa nini. Nimejiuliza zaidi yake. Kila sababu niliyomtajia baba ilikuwa sababu ya kweli mahali fulani, katika gari fulani. Nilizijua zote, na nikazishika moja baada ya nyingine. Shule ilinipa njia nyingi sana za kutokutazama mahali pamoja. Kufungua zile bolti mbili barabarani, mbele yake, kulikuwa ni kumwambia kwamba nilimdanganya Jumatano, na kwamba lile boneti alilolifungulia mji mzima lilificha uoga wangu. Basi nikawaza kwamba safari hii huenda kweli ni joto. Nilitamani sana liwe joto.

Taksi moja ikapunguza mwendo, kijana wa mlangoni akatoa kichwa. "Mzee, nafasi moja iko."

Baba akamwinulia mkono, kumshukuru na kumwambia aende.

Malori ya kwenda Sudani Kusini yakatupita, vumbi na upepo wake vikaisukuma kanzu ya baba. Simu ikalia. Nilimsikia akisema, "Tuko njiani. Kijana iko namaliza." Akasikiliza. "Waambie wangoje kidogo. Kidogo tu."

Mara ya nne tulisimama mahali pasipo na nyumba, ila shamba la mtama upande mmoja na kichuguu upande wa pili. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Kongo. Mwenye bodaboda mmoja akasimama bila kuitwa, mtu wa upande wa pili wa mpaka kwa jinsi alivyosema.

"Mzee, hii gari inakwenda ao inalala?"

"Inapumzika," alisema baba.

"Unavaa kanzu hivi unaenda wapi?"

"Kuzika mama yangu. Koboko."

Yule mtu akazima pikipiki yake, kwa heshima. "Pole, baba. Basi panda. Mimi naweza fikisha wewe kama bado wanaswali. Hii chuma itakuja na kijana."

Baba alinigeukia. Nilikuwa nimeinama ndani ya boneti na bisibisi mkononi, nikichezea skurubu ya kabureta ambayo haikuwa na kosa lolote. Sura yake ilikuwa inaniuliza. Haikunilaumu, iliniuliza tu, kama vile mtu anavyomuuliza daktari. Kama ningetikisa kichwa tu, bila hata kusema, angepanda.

"Baba, dakika kumi," nilisema.

Akamgeukia mwenye bodaboda. "Asante sana, mwanangu. Injinia iko hapa."

Yule mtu akanitazama toka viatuni mpaka kichwani. "Huyu mutu ndiyo injinia?" alisema. "Sawa. Mungu asaidie yeye." Akapiga teke pikipiki yake, akaenda.

Sikuhesabu muda baada ya hapo. Nilifungua kabureta, nikaifunga. Gari likawaka, likaenda hatua mia mbili, likazima. Swala ikapita tukiwa pale. Baba alitandika mkeka mmoja wa matanga kando ya barabara akaswali adhuhuri peke yake, akakunja mkeka, akaurudisha juu ya masufuria. Simu ikalia tena, na safari hii sauti ya baba mdogo ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliisikia kutoka nilipokuwa.

"Kaka, mvua inakuja. Kaburi iko wazi. Imamu anasema tumengoja vya kutosha, na maiti si kitu ya kungojesha. Mimi nafanya nini?"

Baba alitazama barabara ya kwenda Koboko. Hapakuwa na chombo chochote kinachokwenda. Alitazama mawingu.

"Mwekeni," alisema.

Akaiweka simu mfukoni, akatembea hatua chache mpaka ukingoni mwa mtama, akanipa mgongo. Nilijua mikono yake imefunguliwa kwa dua mbele ya kifua, lakini niliona mabega yake tu. Aliporudi alilishusha sufuria moja kubwa, akaligeuza, akalikalia.

Ndipo nilipochukua spana namba kumi na mbili. Hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Nikafungua bolti mbili, nikaivuta pampu ikiwa bado imeshikwa na mipira ya petroli, nikachukua wembe, nikabandua karatasi ya kwanza, nikabandua ya pili. Nikakwangua lile gome nililoliacha, safari hii nikiwa nimelala chini barabarani na shati langu la msiba, mpaka chuma kikang'aa. Nikarudisha pampu na karatasi moja. Kwa mazoea tu nilikuwa nimetazama saa ya simu nilipoanza, nikaitazama nilipomaliza. Dakika tisa.

Nilipoinuka, baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama akaziokota zile karatasi mbili, akazigeuza. Upande mmoja bado palisomeka maandishi ya boksi la chai. Baba ameendesha magari na kukaa na mafundi tangu ujana wake. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mzee fundi alikuambia uweke ngapi?"

"Moja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama anayekubali jambo alilokwisha kulijua, akazitia karatasi mfukoni mwa kanzu.

"Panda," alisema.

Gari lilipanda kila mwinuko mpaka Koboko bila kukohoa. Sijawahi kulisikia likienda vizuri vile. Mvua ilitupiga tulipokaribia mji, na tulipofika watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, suruali zimekunjwa, viatu vizito kwa tope. Baba mdogo alitangulia mbele. Udongo mwekundu ulikuwa umemfika viwikoni. Alipomwona baba alisimama, akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha mwenzake.

Baba alimpita. Nilimfuata kwa mbali. Kwenye kaburi alipiga magoti na kanzu yake nyeupe, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya udongo mbichi, akauacha pale. Mvua ilikuwa inachimba vishimo vidogo kati ya vidole vyake. Hakulia. Mimi nilikuwa nalia, na nilijua hata wakati ule kwamba nusu ya machozi yale ilikuwa ya kujihurumia.

Tulipofika nyumbani, wazee walikuwa wamekaa chini ya turubai, na mmoja wao, binamu yake habuba, ambaye umri ulimpa ruhusa ya kuuliza, akauliza mbele ya wote.

"Mtoto wa kwanza hakuonekana. Nini ilikuchelewesha?"

Mama alikuwa mlangoni na sinia. Nilisimama nyuma ya baba, mikono yangu ikinuka petroli, nikangoja. Naweza kusema kweli kwamba nilitaka aseme. Nilitaka azitoe zile karatasi mbili mfukoni na kuziweka mkekani.

"Petroli ilikuwa chafu," alisema baba.

Mzee akasikitika. "Watu wa siku hizi," alisema.

Baba akaketi. Hakunitazama, na mimi niliwaza kwamba huenda Jumatano pia hakuwa ameniamini, au pengine aliniamini mpaka barabarani. Sijui ni lipi baya zaidi, na ni jambo ambalo nimelifikiria kwa miezi mingi bila kuthubutu kumuuliza.

Gari bado linatembea. Oili ikihitaji kutazamwa, analipeleka kwa mzee fundi, na mimi naliona likitoka getini. Hajawahi kunikaripia. Anakula nami sahani moja, ananiuliza kama barua zangu za kazi zimejibiwa. Ila jina lile la injinia, alilonipa siku nilipoingia chuo na kuniita nalo hata akitaka maji ya kunywa, hajalitamka tena. Ananiita kwa jina langu, kwa upole, kama anavyomwita mtoto wa jirani.